Karatasi Tatu za Dole Gumba

Karatasi ni tatu, za kaunta buku, zimechanwa kwa rula. Nilizichana mimi. Zina majina yaliyoandikwa kwa kalamu ya bluu na mkono mmoja, na mbele ya kila jina ipo alama ya dole gumba. Nyingine zimetoka vizuri, mistari yote unaiona. Nyingine ni madoa tu. Chache zina unga wa mahindi ulioganda ndani ya wino, maana mwenye dole aliitwa akiwa jikoni. Majina ni 61. Zilikaa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda changu zaidi ya miaka miwili, pamoja na vyeti vyangu vya ualimu na hati ya kiwanja, na mke wangu alidhani ni orodha ya wadaiwa wa kikoba.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimefundisha Historia na Uraia miaka thelathini na ushee, mingi yake hapa Songea, na nyumba yangu iko upande wa barabara itokayo Mbinga. Mtaa sitautaja. Mwenye yadi ninayotaka kuieleza naye sitamtaja, kwa sababu haya si maungamo yake. Yeye alifanya biashara ya makaa ya mawe kama wafanyavyo wafanyabiashara, na akiamua kuungama ataandika mwenyewe.

Makaa ya Ngaka, kule wilayani Mbinga, yalianza kuchimbwa kibiashara mwaka 2011, na kwa miaka mingi yalipita kwenda viwanda vya saruji na nchi jirani bila kututoa usingizini. Kilichobadilisha mambo ni vita vya Ukraine vya mwaka 2022. Ulaya ikayakimbia makaa ya Urusi, bei ikapaa, na bandari ya Mtwara, ambayo tuliizoea kwa korosho, ikaanza kupakia meli za makaa. Ukitoka machimboni kwenda Mtwara huna budi kupita Songea, kisha Namtumbo, Tunduru na Masasi. Malori yakawa hayakatiki usiku na mchana. Nisijifanye malaika: mwanzoni nilifurahi. Nilikuwa na vyumba viwili vya uani, nikapangisha utingo, nao walilipa bila kusumbua. Mama ntilie waliongeza masufuria, vijana wakapata vibarua. Mji ulichangamka.

Halafu ikaja yadi. Kiwanja kikubwa kilizungushiwa mabati, malori madogo yakawa yanashusha humo mlima wa makaa, na semi zinakuja kuupakia kwenda pwani. Mtaa wetu una pande mbili. Upande wa juu, nilipo mimi, viwanja vimepimwa, mapaa ni ya bati la msauzi jekundu na la kijani, na kila nyumba ya tatu ina gari au ilishawahi kuwa nalo. Upande wa chini tunauita bondeni: wapangaji wengi, nyumba za tofali za kuchoma zisizopigwa lipu, na bustani za figiri na chainizi zinazofuata kijito. Yadi ilikaa katikati.

Vumbi la makaa si kama vumbi letu jekundu la kiangazi. Lile jekundu ukilipiga maji linakubali. Hili jeusi lina mafuta fulani; ukilipangusa linajipaka. Shuka jeupe ukilianika asubuhi unalianua kijivu. Ukipenga, kamasi jeusi. Mahindi tuliyoanika kwenye maturubai yalibadilika rangi, na mnunuzi akawa anachota mkononi, anayapuliza, anatingisha kichwa na kukata bei. Watoto wa bondeni walikohoa zaidi ya wetu, jambo ambalo wakati ule nililieleza kwa baridi ya bondeni.

Aliyeanza kulalamika si mimi. Hilo lazima niliseme mapema, kwa sababu kwa muda mrefu niliacha watu waamini kuwa ni mimi. Alianza mama mmoja muuza mboga wa bondeni, mjane, wa umri wa kama miaka arobaini na mitano. Asubuhi moja alifika kibarazani kwangu na ungo kichwani, na juu ya ungo sahani mbili nyeupe za plastiki zimefunikwa kwa khanga.

“Shikamoo mwalimu.”

“Marahaba. Leo unauza sahani?”

Akazitua. Akafunua. Moja ilikuwa nyeupe yenye ukungu mwembamba wa vumbi la kawaida. Ya pili ilikuwa nyeusi, nyeusi kabisa, na alipopitisha kidole katikati ulibaki mstari mweupe kama chaki ubaoni. Akanieleza: sahani zote alizinunua siku moja, duka moja. Moja aliiweka siku tatu juu ya paa la choo chake, nyingine aliipeleka kwa dada yake Matogoro, siku hizo hizo tatu, nayo juu ya paa la choo. “Nimeweka juu ya choo kote kuwili ili mtu asije akasema nimeweka karibu na jiko.”

Nimesimamia mitihani ya taifa mara nyingi. Nawaambia, wanafunzi wengi wa kidato cha nne hawawezi kupanga jaribio namna ile. Mama yule aliishia darasa la tatu.

Kukaitishwa mkutano wa mtaa chini ya mparachichi wa ofisi. Walikuja watu kuliko siku ya kugawa vyandarua. Mimi niliombwa kuwa katibu, na hapo ndipo makosa yangu yanapoanza kuwa na maandishi.

Miongoni mwa waliofika walikuwemo vijana wanne wanaopakia makaa pale yadini, bado wana weusi kwenye kope kama waliojipaka wanja. Mmoja akanyoosha mkono. Akasema vumbi tunaloliona mchana ni dogo. Kubwa ni la usiku, saa nane, wanapofagia sakafu ikiwa kavu, kwa sababu makaa yakiloa yanaongeza uzito na mnunuzi analalamika. Akasema malori mnayoyalaumu yana nafuu, shida ni fagio na lile lundo lisilofunikwa. Akasema tukidai, tudai mambo matatu: lundo lifunikwe, sakafu ifagiwe ikiwa imeloa, na lichimbwe shimo la kutuamisha maji kabla hayajashuka kijitoni, la sivyo siku wakianza kumwagilia, uchafu wote utahamia bondeni.

Mzee mmoja wa upande wetu akamkatiza: “Wewe unalipwa na nani?”

Watu wakacheka. Kijana akasema analipwa elfu nane kwa siku, na mama yake anakaa pale bondeni, nyumba ya nne. Wakacheka tena, sijui kwa nini. Akakaa. Katika muhtasari wangu, ambao nakala yake ninayo, niliandika hivi: “Mjumbe mmoja mwenye maslahi katika yadi alitoa maoni.” Maoni yenyewe sikuyaandika. Katika mkutano mzima yeye na wenzake watatu ndio watu pekee waliokuwa wamesimama ndani ya yadi hata mara moja.

Kamati ikachaguliwa, watu watano. Mimi, mstaafu wa benki, muuguzi, mkandarasi mmoja, na mama mwenye nyumba ya wageni. Mtu akapendekeza jina la mama wa mboga. Kukawa na kimya kidogo, kile kimya cha watu wenye adabu. Kisha mstaafu wa benki akasema kwa upole kwamba huko maofisini watahitajika watu wa kujieleza. Nami, ili nisimvunje moyo, nikasema: “Yeye atakuwa mhamasishaji wetu.” Alipigiwa makofi. Neno uhamasishaji nimelisikia kwenye semina nyingi maishani, na siku ile nililielewa vizuri kuliko semina zote: maana yake ni kazi ya kutembea.

Akatembea. Alibeba kaunta buku na kidau cha wino nyumba kwa nyumba wiki mbili, juu na bondeni, baada ya kumaliza kuuza mboga. Majina aliyaandika binti yake, aliyekuwa kidato cha kwanza. Alikusanya pia mchango wa nauli na uchapaji, elfu mbili kila kaya. Upande wetu wengi walisema nitakuletea. Bondeni walitoa palepale, wengine elfu moja, kwa sarafu. Fedha zile alinikabidhi ndani ya mfuko wa chumvi, zikiwa na hesabu, na binti akatia saini kuwa amekabidhi. Mimi sikutia saini kuwa nimepokea. Haikunijia akilini kuwa naweza kuulizwa.

Barua niliiandika mwenyewe, na ilikuwa barua nzuri. Hilo ndilo linaloniuma, ilikuwa nzuri. Niliweka Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 4, kinachosema kila mtu anayeishi Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Niliweka kesi ya Tabata, ile ya mwaka 1988, Joseph Kessy na wenzake walipoishtaki Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam kwa kumwaga taka karibu na makazi yao, Mahakama Kuu ikaamuru jalala lile lifungwe. Kesi hiyo nimeifundisha darasani miaka mingi, na kila mara nilipofika kwenye hukumu sauti ilinipanda. Zile sahani mbili nazo niliziweka, aya ya nne, kwa maneno haya: “Uchunguzi uliofanywa na kamati umebaini…”

Nilipofika kuambatisha orodha, nikasita.

Saini zilikuwa 118. Dole gumba zilikuwa 61, na kwa kuwa bondeni alipita siku zake maalumu, zote zilikuwa zimekusanyika katika karatasi tatu. Nilikaa nazo pale steshenari karibu na stendi, yule kijana wa kuchapa akinisubiri, nikaziangalia kwa jicho la ofisa. Ofisa huyo nilimtengeneza mwenyewe kichwani. Nilimpa miwani. Nikamsikia akisema: hawa wamelishwa maneno, hawajui hata walichoweka dole. Ilikuwa miezi michache tangu habari ya mto Mara. Watu wa kando ya mto ule waliona maji yakigeuka meusi na samaki wakielea, wakanyooshea kidole mgodi. Mwezi Machi 2022 kamati ya wataalamu iliyoongozwa na Profesa Samwel Manyele ikatoa ripoti kwamba chanzo ni kinyesi na mikojo ya ng'ombe. Nchi nzima ilibishana kwa wiki kadhaa. Mimi funzo nililolichukua ni kwamba mtu wa kawaida hata akisimama mtoni anatazama kwa macho yake, hataaminiwa; basi barua yetu isinuke ukawaida. Wengine kutoka habari ileile wangeweza kuchukua funzo la kinyume kabisa.

Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Chini yake kulikuwa na nyingine, na nimechukua muda kuifikia. Niliona aibu. Nilitaka ile bahasha ikifunguliwa ionekane inatoka kwa watu kama mimi. Nilitaka yule ofisa wa miwani aone saini za mikono iliyozoea kalamu, aseme, hapa kuna wenzetu. Nikaomba rula. Nikazichana. Nikajiambia nitaziambatisha baadaye zikihitajika, na kijana wa steshenari akaniuliza, “Hizi nitupe, mwalimu?” nikasema hapana, nikazikunja mfukoni.

Babu yangu mzaa baba alikuwa sutu. Wangoni walipoingia nchi hii katika karne ya 19 walikuwa na wenye ukoo, na walikuwa na sutu, watu waliotekwa au kumezwa njiani; waliwahesabu katika jeshi, wakawahesabu katika mavuno, na baraza likikaa, wanakaa wenye ukoo. Hayo nayo nimeyafundisha.

Barua ilijibiwa. Sikutegemea, lakini ilijibiwa. Wakaja watu wa ofisi mbili, na mwakilishi wa yadi akiwa na fulana safi ya kola, na kwa kuwa walitaka kuwaona walalamikaji wenyewe, walifuata orodha. Orodha iliwazungusha upande wa juu. Walikunywa chai kwa mama wa nyumba ya wageni, wakapanda hadi kwangu, wakaona mapazia ya mke wangu. Bondeni hawakushuka, hakukuwa na jina la kuwashusha. Naapa, pale kwenye kona ya njia ya bondeni ofisa mmoja aliuliza, “Na huku chini vipi?” na aliyejibu ni mimi. Nikasema, “Huku ni mashamba zaidi.”

Makubaliano yalipatikana ndani ya mwezi. Lango la yadi lihamishwe kutoka barabara ya juu. Barabara ya juu imwagiliwe asubuhi na jioni. Malori yafunikwe turubai, na yawekwe matuta mawili ya kupunguza mwendo. Tulichinja mbuzi. Mkandarasi wetu ndiye aliyepata kazi ya matuta, na wakati ule hakuna aliyeona hilo kuwa neno.

Lango lilihamia upande wa bondeni, kwa sababu upande mwingine haukuwepo.

Sasa mambo yakawa kama yule kijana mpakiaji alivyosema, hatua kwa hatua, kama aliyekuwa anasoma. Maji ya kumwagilia yaliosha weusi wa barabara, yakaingia mtaroni, na mtaro wetu, kama mitaro yote, unateremka. Fagio la saa nane usiku liliendelea kufagia pakavu. Na upepo, baada ya mabati ya upande wa juu kuongezwa kimo kwa heshima yetu, ulipata mlango wa kutokea chini. Mvua za Desemba zilipoanza, lundo likatoa maji yake lenyewe. Nilikwenda kuangalia mara moja tu. Kijito kilikuwa na utando unaong'aa, na pembeni ya matuta ya figiri kulikuwa na tope jeusi laini kama lami changa. Mama alikuwa amechuchumaa anaosha jani moja moja. Anaosha, anageuza, anaosha upande wa pili, anatazama kwenye mwanga, anarudia. Fungu moja la mia tano lilimchukua muda ambao zamani angefunga mafungu sita.

Akaniona. “Shikamoo mwalimu.”

“Marahaba. Poleni na kazi.”

“Asante. Mwalimu, hivi sisi tumo kwenye ile barua?”

Hapo ndipo pa kuungama hasa. Kuchana karatasi ni jambo nililolifanya nikiwa na sababu, hata kama sababu ilikuwa chafu. Hapa sikuwa na sababu yoyote. Alikuwa mtu mmoja, hana hasira, mikono imelowa hadi kwenye viwiko, ananiuliza kitu ambacho ningeweza kukijibu.

“Mmo,” nikasema. “Mmo wote.”

Akashukuru.

Miezi ikapita. Alikuwa akisubiri zamu yao, nadhani. Kama wamo kwenye barua basi ofisa atafika. Mwishowe akaenda mwenyewe ofisini na binti yake, aliyekuwa ameingia kidato cha pili. Walifunguliwa faili. Binti akasoma orodha yote, majina 118, kwa kidole, kutoka juu hadi chini, kisha akarudia. Halafu akarudi kwenye barua yenyewe na kumsomea mama yake aya ya nne, ya sahani.

Hakuja kunigombeza. Ningependa angekuja. Alichofanya ni kidogo mno, mtu wa mji mwingine asingekiona: aliendelea kuniamkia, shikamoo mwalimu, kila siku, ila akawa anaisema akiwa anatembea. Zamani alikuwa anatua ungo.

Nilianza kusoma upya mambo niliyokuwa nikiyafundisha. Kesi ya Tabata nilikuwa naishia kwenye ushindi. Kumbe baada ya Tabata Jiji lilipeleka taka Kunduchi Mtongani; huko nako, mwaka 1991, Festo Balegele na wenzake 794 wakaenda mahakamani, nao wakashinda. Baada ya hapo malori ya taka yakaelekea Vingunguti, kando ya bonde la Msimbazi, penye nyumba zilizobanana na watu ambao wakili hawajui anakaa wapi. Baadaye Mtoni, kisha Pugu Kinyamwezi. Taka hazikupungua hata kilo. Zilikuwa zinatafuta mahali ambapo hakuna mtu wa kuandika barua. Na mimi kesi ileile niliitumia kama ngao ya mtaa wetu, nikiwa na Vingunguti yetu pale chini, mita mia tatu.

Nilijifananisha pia na Phyllis Omido wa Mombasa. Nilikuwa nimemsoma alipopata tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015, nikawaambia wajumbe wa kamati kwamba mtu mmoja mwenye msimamo anaweza. Nilivyosoma tena ndipo nikaona nilichokiruka. Omido alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha kuyeyusha betri cha Owino Uhuru, huko huko Mombasa. Alijua yanayofanyika ndani, na mwanawe alipougua alikuwa ameathiriwa na madini ya risasi. Aliyeiangusha kampuni alitoka yadini. Kwetu, aliyetoka yadini tulimuuliza analipwa na nani. Halafu kesi yao ilidaiwa kwa niaba ya wakazi wa kijiji kizima, si ya waliojua kutia saini: mwaka 2020 mahakama ikawapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, Mahakama ya Rufani ikaitengua, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Kila Februari nilikuwa nawapeleka wanafunzi Makumbusho ya Majimaji, pale Mahenge, hapa hapa Songea. Kuna kaburi la pamoja la walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906, na kando yake kaburi la Nduna Songea Mbano peke yake. Wanafunzi huuliza kwa nini yeye yuko peke yake, na nina jibu la kitaalamu la swali hilo. Hakuna aliyewahi kuniuliza waliokufa kwa njaa baada ya mashamba kuchomwa wako wapi, nao walikuwa wengi mara nyingi zaidi. Sikuwahi kulileta mimi. Halikuwa kwenye mtihani.

Wenzangu wa kamati niliwaeleza mwaka jana. Muuguzi alilia. Mstaafu wa benki alisema nisijitese, kwamba bila barua ile hata barabara ya juu isingemwagiliwa, na hilo ni kweli, na ni kweli ya aina ninayoiogopa sasa. Sisi tulitaka vumbi litoke kwetu. Wao walitaka liishe. Tulikaa mkutano mmoja, chini ya mti mmoja, tukatumia neno moja, vumbi, tukadhani tunasema kitu kimoja.

Malori siku hizi yamepungua kidogo kuliko ule mwaka wa vita, lakini lango liko palepale.

Jumapili moja baada ya misa nilizitoa zile karatasi sandukuni, nikashuka nazo bondeni. Nilikuwa nimejiandalia hotuba. Mama alikuwa anafunga mafungu, binti anaandika kitu cha shule juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nikasalimiwa. Nikasema nilichokuwa nimefanya, na hotuba ikaisha kwa sentensi mbili. Nilidhani ni ndefu zaidi. Nikampa karatasi.

Alifuta mikono kwenye khanga kabla ya kuzipokea. Hakunitazama, alitazama dole. Akatafuta lake bila kusoma majina, akalipata ukurasa wa pili: lina kovu la mundu, mstari mweupe unaokata mistari mingine mshazari. Akaweka kidole chake pembeni ya alama, kama anayepima kiatu. Kisha akampa binti.

“Soma.”

Binti akaanza kusoma majina. Kwa kila jina mama aliitika neno moja au mawili huku anaendelea kufunga mboga. Yupo. Kahamia Namtumbo. Yupo. Huyu marehemu. Yupo. Huyu ni yule wa nyumba ya nne, mwanaye alikuwa anapakia. Yupo, anaumwa. Mimi nilikuwa nimesimama. Hakuna aliyenikaribisha kukaa, wala kunifukuza. Walipofika katikati ya ukurasa wa tatu mama akainua mkono, binti akanyamaza.

“Na wewe, mwalimu, umo humo?”

“Simo.”

Akashusha mkono, na binti akaendelea kusoma.